Slaidi ya Saba

Walinifundisha: anza na takwimu, maliza na machozi,
katikati weka mtoto.
Nilikuwa hodari. Ukumbini kule Area D,
mbele ya wenye vitambulisho shingoni na chupa za maji mezani,
niliijua sekunde ya kunyamaza,
sekunde ya kushusha sauti kama anayefunika chungu,
na slaidi ya saba ndiyo iliyofungua pochi.

Slaidi ya saba ilikuwa jicho.
Jicho moja tu, la kushoto, limejaa ukuta mzima,
kope zimejikunja ndani, zinakwaruza mboni
kila linapopepesa,
kama mtu anayefagia kioo kwa miiba.
Nilisema: huyu ni bibi wa Chilonwa.
Nilisema: hana kitu.
Watu walishika vifua. Meneja wa benki alivua miwani.
Tukapata fedha za kupasua kope mia na arobaini
kabla chai haijapoa.

Basi nikaenda Chilonwa kumshukuru,
sukari kilo mbili mkononi, kompyuta begani.
Vumbi la Septemba, upepo unachuna midomo.
Mbukwa, nikasema. Mbukwa, akaitika,
akanisogezea kigoda na kibuyu cha maziwa ya mgando.
Nyuzi za kope zilikwisha kutolewa;
alikuwa anachambua uwele,
anatupa vijiwe kwa kuviona.

Nikamwonyesha. Ya kwanza, ya pili,
ramani, mishale, duara lililokatwa vipande vya rangi.
Kwenye ya saba akainama, akaweka kidole juu ya kioo.
"Hili jicho langu?"
Lako, bibi.
"Na mimi niko wapi?"

Nilicheka kicheko kisicho na meno.
"Uliwaambia jina langu?" Sikuwaambia.
"Uliwaambia nina ng'ombe wanne, na mmoja ana mimba?"
Niliwaambia huna kitu.

Akanyamaza. Na mimi, fundi wa kunyamaza,
nilijua hii si ile yangu ya sekunde tatu.
Ungo ukapepetwa. Makapi yakaruka, yakatua magotini pangu.
"Kuomba si aibu," akasema Dorika Mbogoni.
"Mvua nimeiomba miaka yote kwa mdomo huu huu.
Lakini mvua sijaidanganya hata siku moja."

Mwezi uliofuata, Kizota, ghala la wanunuzi wa alizeti,
umeme ulikatika kwenye slaidi ya pili.
Feni zikafa. Mtu akapiga miayo kwa sauti.
Zamani ningeomba radhi, ningetafuta mwenye jenereta.
Nilisimama mikono mitupu, nikaanza na ng'ombe:
wanne, mmoja ana mimba, na majina yao,
maana majina alinitajia, yote,
na mwenyewe aliyewahesabu kwa kuwapapasa migongo
miaka sita, kwa kuwa mwanga ulimchoma,
huku jirani akija kukamua usiku usiku
kwa kujua haonekani.

Ghala likacheka. Kisha likaacha kucheka.
Mzee mmoja juu ya magunia akauliza:
huyo jirani alikamatwa?
Nikasema: siku ya nane baada ya upasuaji,
na kibuyu mkononi.
Hakuuliza asilimia. Alichomoa noti,
akazihesabu mbele ya watu, akarudisha moja mfukoni.
"Hizi za kope mbili. Halafu urudi unieleze
ndama amezaliwa jike au dume."

Sikupata mia na arobaini. Nilipata kumi na tisa.
Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango,
akauliza slaidi ya saba imeenda wapi.
Nikamwambia: iko Chilonwa, inakamua.

Ndama ni jike.
Kesho asubuhi napita Kizota.